Spika za komponenti kwenye milango ya Fielder: uzoefu wangu hapa Malindi

Nilinunua seti ya spika za komponenti za inchi 6.5, yaani zile ambazo wufa (spika ya sauti nzito) na twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) hukaa mbalimbali, kwa ajili ya milango ya mbele ya Toyota Fielder yangu, gari ambalo hulala Malindi na ambalo kazi hulipeleka mara kwa mara Gongoni na Marereni, kwenye mashamba ya chumvi. Sasa kwa kuwa zimekwisha kupitiwa na masika, ninaweza kuzieleza bila pupa. Spika zenyewe ni nzuri, na nitasema kwa nini, lakini zaidi ya nusu ya uzuri ninaousikia umetoka kwenye mlango, yaani kwenye mikeka ya kubandikwa kwenye bati, pete za kukalishia spika, skrubu na waya, vitu ambavyo muuzaji hakunitajia hata kimoja.

Spika za kiwandani zilizokuwamo zilikuwa na koni za karatasi zilizokwisha kunyonya unyevu wa miaka, kingo zake za povu zimeanza kumeguka, na vichwa vya waya vimeota ile kutu ya kijani inayoila shaba popote upepo wa bahari unapofika. Taarabu ilikuwa ikisikika, ila udi na kanuni, zile ala mbili za nyuzi, vilikuwa vimekorogeka pamoja na usingeweza kusema kipi kinaanza na kipi kinapokea. Kisomo cha Kurani ndicho kilichonichosha zaidi, kwa sababu sini na swadi zilikuwa zikitoka sawasawa, zote zimefifia, na msikilizaji aliyezoea tajwidi hawezi kuvumilia jambo hilo safari nzima ya Mombasa.

Katika kuchagua, sikushughulishwa na maandishi makubwa ya boksi. Lilijigamba kwa wati 300, na chini yake, kwa herufi ndogo, liliandikwa wati 60 za RMS, ambazo ndizo spika inazoweza kuzihimili mfululizo bila kuungua. Hata hizo 60 redio yangu haizitoi. Redio nyingi za dukani huandikwa wati 50 mara 4, lakini kwa umeme wa gari wa volti 12 na spika za omu 4, kinachofika kwenye kila spika kabla ya sauti kuanza kupasuka ni karibu wati 20 tu. Kwa hivyo mtu asiyekusudia kuongeza amplifaya na atazame desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo spika hutoa kwa wati moja, kabla ya wati, kwa sababu spika ya desibeli 92 ikipewa wati 10 italia sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 20. Mimi nilichukua ya desibeli 91, yenye koni ya plastiki na ukingo wa mpira, na kwa mkaaji wa pwani mambo hayo mawili ya mwisho ningeyaweka mbele ya jina la kampuni, kwa kuwa karatasi na povu havidumu katika hewa yetu.

Fundi niliyempelekea kazi ni mtu mzima aliyeanza shughuli hii zama za kaseti. Alipofungua paneli ya mlango hakuligusa boksi la spika kwanza. Aligonga bati la mlango kwa kifundo cha kidole, nalo likalia kama debe tupu.

“Wasikia, mwanangu? Hili ndilo litakaloimba, si spika.”

“Je, ami, nikiweka spika pekee kwa sasa, mikeka nikaiahirisha?”

“Utaweka, na sauti itatoka. Lakini besi utaitafuta usiione, kisha utanirudia useme nimekufanyia kazi mbovu.”

Alikuwa na haki. Koni ya spika inaposukuma hewa mbele, wakati huo huo huivuta kwa nyuma, na mlango wa gari una matundu makubwa ambayo kiwanda huyaacha ili mafundi waweze kuifikia mota ya kioo na kufuli. Kupitia matundu hayo sauti ya nyuma huzunguka na kukutana na ya mbele, na zile nzito hufutana kabla hazijamfikia dereva. Ukiyaziba, mlango unageuka kuwa sanduku la spika, na ukilipa uzito bati lake la nje, sanduku linaacha kutetemeka. Tulitumia mikeka ya butili, aina ya mpira unaonata, yenye uso wa alumini, ya unene wa milimita 2, ambayo fundi aliikandamiza kwa kirola kidogo mpaka michoro ya alumini ikalainika, kwanza kwenye bati la nje nyuma ya spika na kisha juu ya matundu ya bati la ndani. Fito za kufuli alizivisha sponji ili zisigongane. Wapo wanaotumia mikanda ya lami ya kuzibia paa kwa sababu bei yake ni nafuu, ila gari likiegeshwa juani mchana mzima lami hulainika, hunuka na kuchuruzika ndani ya mlango, kwa hivyo unafuu huo sikuuona.

Hapa nataka nitulie kidogo kwenye suala la maji, maana ndiko wengi wanakoharibikiwa. Mlango wa gari haukuundwa uwe mkavu. Mvua huteleza juu ya kioo, hupita kwenye mpira, huingia ndani ya mlango na kutokea kwenye vijitundu vilivyo chini kabisa, na ile nailoni iliyogandishwa nyuma ya paneli ndiyo inayoyazuia maji hayo yasiingie chumbani. Nimeona magari kadhaa hapa mjini ambayo nailoni ilichanwa na kutupwa siku ya kufunga spika, na ilipofika masika wenyewe wakawa wanaanika mazulia na kuulaumu mpira wa kioo. Ukitaka kumpima fundi, mwulize nailoni ataifanyaje. Wangu aliibandua taratibu kwa kisu butu, akaikunja pembeni, na baada ya mikeka akairudisha kwa gundi ile ile nyeusi. Vijitundu vya chini aliviacha wazi, na juu ya kila spika, kwa upande wa ndani ya mlango, akaweka kikofia cha povu lisilonywa maji, ambacho aliukata upande wake wa chini ili hewa ipite.

Spika za kiwandani za Toyota aghalabu hushikwa kwa riveti, na fremu yake ya plastiki ndiyo inayoipa spika kimo kinachofaa. Ukizitoboa riveti na kuiondoa, spika mpya haina pa kukaa, hivyo hapana budi kuwe na pete. Pete za mbao za MDF, zile za unga wa mbao uliogandamizwa, ndizo zinazopatikana kwa urahisi, na kwa Nairobi sina neno, lakini hapa zitavimba na kumeguka kama hazikupakwa rangi pande zote. Fundi alinishauri tuchonge pete kutoka kwenye ubao mzito wa plastiki, ule wa jikoni wa kukatia nyama, ambao hauozi, haunyonyi maji na hukatika vizuri kwa msumeno mdogo. Kabla ya kutoboa chochote, alikishusha kioo mpaka mwisho na kupima nafasi iliyobaki kati yake na sumaku ya spika. Kipimo hicho hakina budi kufanywa kioo kikiwa chini, la sivyo utaugundua ukubwa wa sumaku siku ya kwanza utakapotaka upepo.

Skrubu zilizokuja ndani ya boksi sikuzipenda. Zilikuwa za chuma cha kupakwa tu, na rangi yake ilikwaruzika kwa bisibisi mara ya kwanza. Nilizibadilisha kwa za stenlesi kutoka kwa wauza vifaa vya maboti, na tofauti ya bei ilikuwa ndogo mno kiasi cha kunishangaza kwa nini watengenezaji hawafanyi hivyo wenyewe. Waya za boksi nazo zilikuwa nyembamba, za alumini iliyopakwa shaba, ambayo chumvi huimaliza upesi; tuliziacha, tukatumia waya za asili za mlango kwa wufa, na kila kiungo kikalehemiwa kisha kikavishwa mpira unaokaza kwa moto.

Krosova, kile kisanduku kinachogawa sauti nyembamba na nzito, hatukukiweka mlangoni ingawa karatasi ya maelekezo inaruhusu. Kilifungwa nyuma ya dashibodi, pakavu, na twita zikakaa kwenye pembe za dashibodi karibu na nguzo za kioo cha mbele. Kwa mpango huo hakuna waya mpya unaopita kwenye ule mpira uliokunjika kati ya mlango na bodi, sehemu ambayo kila anayewahi kupitisha waya huitaja kwa kuguna. Jambo moja kuhusu twita: gundi ya pande mbili iliyokuja nazo ililegea kwa joto la dashibodi mapema tu, ikabidi zishikwe kwa skrubu. Anayefunga upya asiitegemee hata kidogo.

Kabla paneli hazijarudishwa, fundi aligusisha betri ya saa ya volti 1.5 kwenye waya za kila upande ili kuona koni inatoka nje au inaingia ndani. Upande wa kushoto ukaingia. Rangi za waya za kiwandani hazilingani na alama za chanya na hasi za spika mpya, na laiti tungefunga hivyo hivyo, spika moja ingekuwa inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi ingepotelea katikati ya gari. Ni kazi ya nukta chache, lakini mtu akishafunga paneli na klipu zake zote hana hamu tena ya kufungua.

Sasa sauti. Kwenye krosova kuna kijiti cha kupunguza twita kwa desibeli 3, na mwanzo nilisikiliza bila kupunguza. Sini zilikuwa zikichoma. Nilipopunguza, kisomo kilikaa mahali pake: swadi nzito, sini nyepesi, na pumzi ya msomaji kati ya aya inasikika. Kwenye taarabu, kucha ya mpigaji inapogusa uzi wa udi unaisikia kabla ya noti yenyewe, na kanuni imejitenga upande wake. Kwa ngoma za chakacha na kwa muziki wa bango, besi inatosha na ni safi, lakini asije mtu akadhani inchi 6.5 mlangoni itamtikisa kifua. Nimeiwekea redio kikomo cha hezi 80, ili spika zisihangaike na sauti nzito zilizo chini ya hapo, na hivyo naweza kupandisha sauti barabarani bila kukwaruza. Faida ambayo sikuitarajia ni kelele za matairi, ambazo zimepungua kwa mbele hata redio ikiwa imezimwa, na mlango ukiufunga unatoa mshindo wa gari la bei kubwa kuliko langu.

Kwa gharama, spika zilikuwa shilingi 11,000, mikeka 4,500, kazi ya fundi 4,000, na vikorokoro vingine havikufika 1,500. Wapo watakaoona 4,000 za ufundi ni nyingi, hasa wakilinganisha na wale wanaobandika spika kando ya barabara kwa muda wa kunywa chai. Lakini mwenye shilingi 15,000 tu ningemshauri achukue seti ya bei ya chini yenye ukingo wa mpira na asipunguze chochote kwenye mikeka wala ufundi. Sauti atakayoipata itaishinda ya anayetia fedha zote kwenye spika na kuziacha ziimbe ndani ya bati tupu.

Baada ya mvua kukatika nilimwomba fundi afungue mlango wa dereva tuangalie. Viungo vya waya vilikuwa vinang’aa, pete haikubadilika, kikofia kilikuwa na alama za matone lakini sumaku kavu, na mkeka mmoja, ule wa pembe ya chini karibu na bawaba, ulikuwa umebanduka ukingoni kwa sababu bati pale lilikuwa na mafuta. Alipafuta kwa spiriti, akaukandamiza tena, na kwa kazi hiyo hakunitoza kitu. Milango ya nyuma ingali na spika za kiwandani, na sioni haja ya kuigusa, kwa kuwa abiria wangu wa nyuma ni magunia ya chumvi.