Jumamosi nne za kuchonga vichwa vya mishale ya mawe Nairobi: uzoefu wangu

Nina miaka 11 nikifundisha Historia sekondari, na kila mwaka nimefika kwenye Enzi ya Mawe nikiwa na chaki tu mkononi. Nachora ubaoni shoka la mkono la Olorgesailie, eneo letu la mambo ya kale, wanafunzi wananakili, tunasonga mbele. Mwaka jana msichana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, lilitengenezwaje?" Nikamwambia waligonga jiwe kwa jiwe. Akauliza tena, "Waligonga wapi?" Nilinyamaza. Swali hilo ndilo lililonifanya nilipe shilingi 9,500 kwa darasa la Jumamosi nne la kuchonga vichwa vya mishale kwa mawe ya hapa kwetu.

Jina la mwenye darasa silitaji, maana nina manung'uniko naye na nilishamweleza ana kwa ana.

Darasa liko kwenye ua wa nyumba upande wa Karen. Mimi natoka Umoja, kwa hiyo ni matatu mbili, ya kwanza hadi tauni na ya pili ile 111 ya Ngong. Tulikuwa watu saba. Walipojua kazi yangu wakaanza kuniita Madam, na mzee mmoja kutoka Kitui tukamwita Babu kuanzia saa ya kwanza. Babu alikuja kwa sababu baba yake alifua vyembe vya chuma, yaani vichwa vya mishale, naye alitaka kujua watu walifanyaje kabla ya chuma.

Jumamosi ya kwanza mwalimu alitandika gunia akaweka mawe ya aina tatu. Kwanza lile la Ndarugo ambalo nusu ya Nairobi imejengwa kwalo. Lile ni majivu ya volkano yaliyoshikana, ukiligonga linamomonyoka. La pili ni jiwe gumu la rangi ya samawati iliyofifia, lile linalosagwa kuwa kokoto. Hili lilivunjika, lakini lina punje ndani yake, kwa hiyo makali yake yalitoka yenye mikwaruzo. La tatu ni obsidiani, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Lava yake ilipoa upesi mno, punje hazikupata nafasi ya kuota, na ndiyo maana nguvu ya pigo hupita ndani yake bila kizuizi na kuacha mawimbi ya mviringo kama ya ganda la chaza. Pigo moja tu, na kibanzi kilichoanguka kikakata karatasi bila kuivuta.

Pale nilielewa jambo nililokuwa nimelisoma tangu utafiti wake ulipochapishwa mwaka 2018. Olorgesailie, kwenye barabara ya Magadi, mashoka makubwa mengi yalichongwa kwa lava ya mlima ulio hapo hapo. Lakini zaidi ya miaka 300,000 iliyopita watu wa eneo lile wakawa wanatumia obsidiani iliyobebwa kutoka makumi ya kilomita. Siku zote nilijiuliza mtu abebe jiwe safari yote hiyo kwa nini, na mlima mzima wa mawe uko mgongoni mwake. Baada ya kupigana na kokoto robo saa nzima, sikuuliza tena.

Obsidiani yetu ilitoka Eburru, juu ya Naivasha, kwenye shamba la mtu aliyetoa ruhusa. Mwalimu alilisisitiza hili na ninamsifu kwalo: haokoti kitu ndani ya hifadhi ya Hell's Gate wala kwenye eneo lolote la mambo ya kale, kwa sababu sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na turathi inalinda vitu hivyo. Ukishikilia kibanzi chembamba cha Eburru dhidi ya jua, ukingo wake unaonyesha ukijani. Wafugaji wa miaka kama 3,000 iliyopita walilifuata jiwe hilo hilo la kijani kule mlimani.

Sasa kazi yenyewe. Jumamosi ya pili tulifanyia mazoezi vitako vya chupa za bia, kwa kuwa kioo cha chupa huvunjika kama obsidiani na hakina gharama. Unaweka kipande juu ya ngozi nene kiganjani, unakibana kwa vidole, mkono unauegemeza kwenye paja. Mkono wa pili unashika waya mnene wa shaba uliopigiliwa kwenye mpini. Ncha ya shaba unaiweka ukingoni, unasukuma kuelekea ndani ya jiwe, na nguvu ikishajaa ndipo unaibonyeza chini kidogo. Inasikika "tik", na ukigeuza kipande unakuta kibanzi kama gamba la samaki kimelala kwenye ngozi.

Kwa saa nzima vyangu vilikuwa vinga tu, vipande vifupi vilivyovunjika ukingoni na kuacha ngazi. Mwalimu alikaa karibu nami, hakunipokonya jiwe. Aliniambia, "Madam, unausukuma ukingo ambao hujauimarisha." Akanipa kijiwe cha kukwaruza nisugue ule ukingo hadi ukali wake ufe. Nilidhani naharibu. Kumbe ukingo mkali ni dhaifu, shaba ikiugusa unapondeka kabla nguvu haijaingia. Ukiusugua unapata mahali pa kusukumia. Nilisugua, nikasukuma, na kibanzi kikakimbia hadi katikati ya kipande. Lile swali la "waligonga wapi" lilikuwa limepata jibu: wanatayarisha kwanza mahali pa kugonga, na muda mwingi wa fundi unaishia hapo.

Ninalolalamikia sana ni umbo tulilofundishwa. Siku zote mbili za mwanzo tulichonga pembetatu zenye mikato miwili chini, umbo la Marekani ambalo kila mtu amelizoea kwenye picha. Ni zuri, lakini ukienda Makumbusho ya Nairobi au Hyrax Hill kule Nakuru, vifaa vidogo vya mawe vya Bonde la Ufa utakavyoviona kwa wingi ni vipande vyembamba vilivyopinda kama mwezi mchanga. Darasa limetangazwa kuwa la mawe ya kwetu. Basi na umbo liwe la kwetu. Nililisema hilo Jumamosi ya tatu asubuhi, na Babu akaniunga mkono. Mwalimu, kwa heshima yake, alibadilisha ratiba papo hapo.

Siku hiyo ndiyo iliyonilipa fedha zangu zote. Unatoa kwanza kibanzi kirefu chembamba kutoka kwenye jiwe mama, unakivunja ncha zote mbili, kisha upande mmoja unaubonyeza kidogo kidogo hadi uwe butu na upinde. Upande wa pili hauugusi kabisa, ule ndio makali yako. Mgongo butu ndio unaogandishwa kwa utomvu kwenye wano, yaani mti wa mshale. Kikipotea au kikivunjika unabandika kingine, wano linabaki. Babu alikiweka kijimwezi chake juu ya kucha ya kidole gumba, kikatosha pale pale. Akakaa kimya kitambo, halafu akasema baba yake angekaa siku nzima kwenye moto wa mvukuto kupata chembe kimoja.

Pembetatu yangu ilinichukua karibu saa nne, na ilikatika vipande viwili nilipokuwa namalizia mkato wa mwisho, kwa kuwa sikuishikilia vizuri upande wa pili na mtikisiko ukapita katikati. Nilipomaliza vijimwezi vitano, jua lilikuwa bado juu.

Upande wa usalama sikuridhika. Tangazo lilisema vifaa vyote vimo kwenye ada, lakini miwani ya kukinga macho ilikuwa minne kwa watu saba. Nilinunua yangu dukani kwa fundi wa vyuma. Siku ya kwanza mvua iliponyesha tuliingizwa kwenye stoo ya mabati isiyo na dirisha, tukaendelea kugonga. Vumbi la mawe ya namna hii huumiza mapafu ukilivuta mara kwa mara, na mtu anayefundisha kazi hii analijua hilo. Tulipomlalamikia, kuanzia wiki ya pili tulikaa nje chini ya turubai, mvua inyeshe isinyeshe. Na kisanduku cha huduma ya kwanza kilikuwa na plasta tatu. Nilijikata kidole gumba na sikuhisi chochote hadi nilipoona damu kwenye ngozi; obsidiani inakata safi kiasi hicho. Beba bandeji yako, beba miwani yako, vaa viatu vilivyofunikwa.

Jambo moja dogo la mwisho lilinigusa. Vibanzi vyote vya taka tulivifagia kwenye turubai tukavizika shimo moja, na mwalimu akatupia ndani sarafu ya shilingi yenye mwaka wake, ili atakayechimba siku moja asidhani amekuta karakana ya watu wa kale. Vile tulivyoondoka navyo tulivikwaruza tarehe kwa nyuma.

Vijimwezi vyangu vitano sasa vimo kwenye kopo la dawa lililojaa pamba. Muhula ulipofunguliwa nilimwita yule msichana mbele, nikampa ngozi ya kuku niliyoitoa nyumbani na kijimwezi kimoja nilichokuwa nimekigandisha kwenye kijiti. Alikata mara moja, akainua uso, akauliza kama anaweza kukata tena.