Pete mpya baada ya ile kuibiwa: kwa nini nilichukua almasi ya rangi I badala ya D

Jamani nimeona niandike hii maana kipindi natafuta nilikosa mtu wa kunielewesha, kila niliyemuuliza ananiambia chukua D ndo bora. Sawa D ndo daraja la juu kabisa la rangi ya almasi, ila hakuna hata mmoja aliyeniuliza unaiweka kwenye pete gani.

Pete yangu ya uchumba iliibiwa nyumbani pamoja na kiboksi chote cha vito, ikabaki ya ndoa tu kwa kuwa ilikuwa kidoleni. Hii ya ndoa ni dhahabu ya njano karati 18, ina vialmasi vidogo vidogo mstari mmoja. Mume wangu akasema tutaweka nyingine, basi aliposafiri kufuata mzigo Dubai tukaenda wote, tukaingia Gold Souk, soko la dhahabu kule Deira. Kwa hiyo mimi sikuwa nanunua pete ya kuanza maisha, nilikuwa natafuta pete ya kuja kukaa ubavuni mwa mwenzie aliyebaki, na hicho ndo kitu kilichoamua rangi kuliko ushauri wote niliopewa.

Kwa ambaye hajui, rangi ya almasi inapimwa kwa herufi kuanzia D hadi Z, mfumo wa GIA wa Marekani, maabara inayopima almasi na kuitolea cheti, na IGI, maabara nyingine, nao wanatumia herufi hizo hizo. Hakuna A, B wala C, maana mifumo ya zamani ilishazichezea sana hizo herufi wao wakaamua kuanzia D. D, E na F hazina rangi, G mpaka J ina kidogo sana, kuanzia K kushuka umanjano unaanza kujitokeza. Na ni umanjano au ukahawia hasa unaopimwa hapo, ukikuta ya pinki au ya bluu hiyo ina madaraja yake mengine kabisa. Ile pinki maarufu ya kwetu Mwadui, Shinyanga, iliyopatikana 1947, uzito karati 54.5 kabla haijachongwa, aliyopewa Princess Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, haiingii kwenye D mpaka Z. Mi natamani sana ningevaa jiwe la Shinyanga kiukweli, niliuliza, ila cheti cha kawaida hakisemi jiwe limetoka mgodi gani na mwenye duka hakuwa na karatasi ya kunithibitishia, nikaliacha hilo.

Sasa twende kwenye kuangalia. Yule muuzaji alikunja kikadi cheupe katikati kama mfereji, akapanga mawe manne tumbo juu, uso umelala chini, D, G, I na K. Ukiyaangalia hivyo kwa ubavu tofauti unaiona, K ilikuwa kama maji yaliyodondoshewa tone la chai, I kwa mbali sana, G na D mimi binafsi sikuweza kuzitenganisha. Maabara wanapima hivyo hivyo jiwe likiwa limegeuzwa, tena wanalilinganisha na mawe yao ya mfano chini ya taa maalum. Ila pete hauvai imegeuka! Nikamwambia ayageuze yote uso juu, nikatoka nayo mlangoni pasipo jua kali maana zile taa za dukani zinang'arisha kila kitu hata kioo, na pale mlangoni I na G zikawa kitu kimoja machoni kwangu. K bado niliijua.

Halafu nikavua pete ya ndoa tukaiweka pembeni. Yaani hapa ndo msiruke hata kidogo kama na nyie mnarudishia pete. Kwa macho ya kazi ya yule muuzaji, vile vialmasi vya pete ya ndoa ni kama G au H, tulipoweka D karibu yake vile vidogo vikaonekana vimechoka, pete yangu ya miaka yote ghafla ikawa kama ya zamani sana. Tukiweka I vinakaa pamoja kama vimezaliwa nyumba moja. Pia dhahabu ya njano yenyewe inatupa rangi yake ndani ya jiwe, kwa hiyo ukinunua D ukaishikisha kwenye dhahabu ya njano weupe ulioulipia unaupoteza. Ingekuwa dhahabu nyeupe au platinamu nisingeshuka chini ya H, na kama mkato ni ule wa mstatili wa ngazi ngazi pia ningepanda, ule hauna mng'aro mwingi wa kuficha rangi kama wa duara.

Kitu kingine wengi hawakiangalii kwenye cheti ni fluoresensi, yaani jiwe kuwaka rangi likimulikwa na taa ya UV. Jiwe langu limeandikwa bluu ya wastani, muuzaji akawasha ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia likawaka bluu kabisa. Kwa jiwe la I hiyo inasaidia, juani linakuwa jeupe zaidi kidogo, na bei inashuka kwa sababu wanunuzi wengi wanaiogopa. Ikiwa kali sana inaweza kulifanya jiwe lionekane na ukungu, hilo mlikague kwa macho, mimi sikuliona.

Kuna duka moja walinipa jiwe lenye karatasi yao wenyewe imeandikwa F, bei nzuri ya kushangaza, nilipoliweka kando ya ile G yenye cheti cha GIA la kwao lilikuwa na njano zaidi. Tuliondoka. Namba ya cheti iingizeni kwenye tovuti ya maabara mkiwa hapo hapo dukani, na ombeni lensi mwone namba ikiwa imechongwa ukingoni mwa jiwe kama cheti kinasema ipo.

Pesa iliyobaki kwa kuacha D tuliiweka kwenye mkato, yaani ubora wa uchongaji, wa daraja la juu kabisa, na uzito tukachukua karati 0.90 badala ya 1 kamili, bei inaruka pale kwenye 1 lakini kidoleni tofauti hata haipo.

Naivaa kila siku, jikoni, kazini, juani, na hakuna aliyewahi kuniambia ina njano, dada yangu ambaye haachi kitu alidhani ile ya kwanza imepatikana. Kilichoniudhi ni kupunguza saizi tu, walisema itakuwa tayari kesho yake na haikuwa, msiache jambo hilo mpaka siku ya ndege. Wanaouliza kuhusu hereni, hizo hata J chukueni, watu wanaziona kwa mbali.