Repair Café: Tathmini ya Huduma ya Ukarabati Inayokutaka Ukae Kando ya Fundi

Kanuni inayoitofautisha Repair Café, warsha ya mtaa ambamo mafundi wa kujitolea huwasaidia watu kutengeneza vifaa vyao, na karakana nyingine ni kwamba mtu haachi kifaa chake mezani akaenda zake. Mwenye pasi iliyokufa, taa isiyowaka au mkoba uliofumuka zipu hukaa pamoja na fundi wa kujitolea tangu skrubu ya kwanza inapofunguliwa hadi jibu linapopatikana, na pale inapowezekana ni yeye mwenyewe anayeshika bisibisi. Kazi ya fundi hailipiwi. Kinacholipiwa ni vipuri vipya tu, kama vile plagi, waya au fyuzi. Nimeipima huduma hii kwa kanuni hiyo moja, kwa sababu ndiyo inayobeba ubora wake, na warsha nilizoziona zikidorora ni zile zilizoilegeza.

Mwanzilishi wake ni Martine Postma, mwandishi wa habari wa Uholanzi, aliyeandaa warsha ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 18 Oktoba 2009. Taasisi aliyoiunda baadaye, isiyotafuta faida, huvipa vikundi vya mitaa mwongozo wa kuanzia, nembo na fomu, kisha huviacha vijiendeshe vyenyewe. Leo vikundi hivyo vimepita 2,500 katika nchi nyingi za dunia. Wazo hilo halikuzuka mahali pamoja tu: Fixit Clinic ilianza Marekani mwaka huohuo wa 2009, na miaka michache baadaye The Restart Project ikaanza London ikijikita zaidi katika vifaa vya kielektroniki. Vikundi vingi hukutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa mtaa, maktaba au chumba kilichoazimwa, na hiyo ni sehemu ya udhaifu wake, kwani kifaa kikiharibika siku moja baada ya mkutano, mwenyewe atasubiri karibu mwezi mzima.

Anayefika huandikishwa mlangoni. Hueleza ana kifaa gani na kina tatizo gani, kisha hutia saini fomu ya masharti, ambayo ni makali kuliko mtu anavyotarajia kwa huduma ya bure. Hatari yote ni ya mwenye kifaa. Hakuna dhamana kwamba kilichotengenezwa kitadumu. Fundi ana haki ya kukataa kazi. Siku yenye watu wengi, kila mtu huangaliwa kifaa kimoja tu, na mwenye cha pili hurudi mwisho wa foleni. Masharti hayo nayaunga mkono, kwa kuwa yanaweka wazi tangu mlangoni kwamba mgeni amekuja kushiriki. Sharti moja ndilo linalonikera: fundi halazimiki kukiunganisha tena kifaa kilichofunguliwa kikashindikana, na ni juu ya mwenyewe kutafuta pa kukitupa. Naelewa kwamba muda ni mfupi na foleni ni ndefu. Hata hivyo, mtu anayeondoka na mota, vifuniko na skrubu ndani ya mfuko hatazipeleka kwa wanaorejeleza taka. Zitaishia kwenye pipa la kwanza atakaloliona. Warsha inayojinadi kwa kupunguza taka ingefaa walau iwe na sanduku la kupokea mabaki hayo na mtu wa kuyafikisha panapostahili.

Katika meza ya umeme, kifaa kinachoonyesha vizuri thamani ya kanuni ile ya kukaa ni pasi, kwa sababu ugonjwa wake mara nyingi hauko pale mwenyewe anapoudhania. Watu hufika wakiwa wameshakata shauri kwamba koili inayopasha joto imeungua. Fundi mzuri habishani nao. Humpa mgeni mita ya kupimia waya, humwonyesha namna ya kuigeuza ili ilie pale waya unapokuwa mzima, kisha humwambia aguse jino moja la plagi kwa ncha ya kwanza na mwisho wa waya uleule ndani ya mpini kwa ncha ya pili. Mita inalia, na mgeni anaamini kwamba waya hauna neno. Ndipo anapoambiwa aukunje kidogo pale unapoingilia kwenye mpini, mahali panapopindwa kila mara nguo zinapopigwa pasi, na mlio unakatika. Nyuzi za shaba zimevunjika ndani ilhali ganda la nje ni zima kabisa. Tiba yake ni kukata sentimita chache za waya, kumenya ganda, kufunga ncha upya, na kuhakikisha kwamba kibano kinachouzuia waya usivutwe kimerudi mahali pake. Mita huguswa tena, safari hii ili kuthibitisha kwamba waya wa kinga unaopeleka umeme ardhini umeungana na bamba la pasi. Mtu aliyefanya hivyo kwa mkono wake hahitaji kurudi kwa ajili ya pasi nyingine, wala feni, wala taa ya mezani yenye ugonjwa uleule.

Uadilifu wa fundi nao hupimwa kwa kitu kidogo kinachoitwa fyuzi ya joto. Vifaa vingi vinavyopasha joto huwa nayo: joto likivuka kiwango kilichowekwa, fyuzi hukata umeme na haijirudishi tena. Njia ya mkato ni kuiondoa na kuunganisha waya moja kwa moja. Kifaa kitawaka papo hapo na mgeni ataondoka akitabasamu, lakini siku kirekebisha joto kitakaposhindwa kazi hakutabaki kitu cha kuzuia moto. Fundi anayejua wajibu wake hutafuta fyuzi yenye kiwango kilekile cha joto na cha umeme, hueleza kwa nini, na huibana kwa vishikizo vya chuma badala ya kuilehemu, maana joto la kulehemu lenyewe linaweza kuiunguza kabla haijaanza kazi. Akilazimika kulehemu, hushika mguu wake kwa koleo ili koleo linyonye joto. Kisha huuliza kilichoifanya ikate, kwani fyuzi ya joto ikiungua mara nyingi kuna kingine kilichoanza kuharibika. Ukiona warsha ambayo mafundi wake hurukisha fyuzi hizo ili foleni iende, ondoka na kifaa chako.

Meza ya cherehani haina vitisho hivyo, na pengine ndiyo maana huchangamka zaidi. Zipu inayofunguka nyuma ya kichwa chake kila inapovutwa hudhaniwa kuwa imekwisha, kumbe meno yake ni mazima na kilichopanuka ni kichwa tu. Ukikibana taratibu kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, meno hushikana tena.

Si kila kifaa hupona. Vikundi vingi huandika matokeo katika mfumo wa mtandaoni uitwao RepairMonitor, ambamo fundi hujaza aina ya kifaa, ubovu uliopatikana, chanzo chake na mwisho wa kazi, ikiwa ni pamoja na sababu ya kushindwa. The Restart Project nao hukusanya takwimu za aina hiyo, na kupitia muungano uitwao Open Repair Alliance vikundi mbalimbali vimekubaliana kuziandika kwa utaratibu mmoja ili ziweze kulinganishwa. Mgeni anaweza kuona uandishi huo kama usumbufu, lakini kwangu ni miongoni mwa mambo ya maana zaidi yanayofanyika pale. Bila kumbukumbu hizo, kila kifaa kilichoshindikana ni bahati mbaya ya mtu mmoja; zikiwepo, hujulikana ni sehemu gani hufa mapema na ni kipuri gani hakipatikani, na hoja hiyo hufika mbele ya watunga sheria ikiwa na ushahidi.

Mchango wake kwa mazingira unahitaji kusemwa kwa kipimo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na kwamba ni asilimia 22.3 tu iliyoandikwa kuwa imekusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mbele ya tani hizo, meza chache zinazokutana mara moja kwa mwezi ni tone baharini. Tena vifaa havilingani. Kwa simu au kompyuta ya mkononi, sehemu kubwa ya hewa ya ukaa hutolewa kiwandani kabla mnunuzi hajaiwasha, hivyo kila mwaka unaoongezwa katika maisha yake una uzito. Kwa birika la umeme, sehemu kubwa ya madhara hutokana na umeme linaotumia kuchemsha maji, na kulitengeneza huokoa zaidi malighafi kuliko nishati. Mezani, hata hivyo, mambo huwa kinyume: vifaa vidogo vya nyumbani ndivyo vinavyojaa, na simu, ambayo ingefaa zaidi kuokolewa, mara nyingi huwasumbua mafundi kwa skrini iliyobandikwa kwa gundi na betri isiyotolewa kwa urahisi. Kwa hiyo, warsha inayotangaza kilo za hewa ya ukaa ilizookoa bila kueleza ni vifaa gani, mimi huisikiliza kwa sikio moja.

Kikwazo hicho cha gundi hakiwezi kuondolewa na fundi wa mtaa hata awe hodari vipi. Kinaondolewa na sheria, na zipo zilizoanza kukigusa. Ufaransa iliweka alama ya ukarabati mwezi Januari 2021, ambapo simujanja, kompyuta za mkononi, televisheni na mashine za kufulia zilikuwa miongoni mwa vifaa vya kwanza kulazimika kuuzwa vikiwa na alama kati ya 0 na 10, kwa kuzingatia mambo kama urahisi wa kufunguliwa na upatikanaji na bei ya vipuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2024 maelekezo kuhusu haki ya kukarabati, ukazitaka nchi wanachama zianze kuyatumia ifikapo 31 Julai 2026, na kanuni zake za betri zinataka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe kuanzia Februari 2027. Vikundi vya ukarabati vilikuwa miongoni mwa waliodai mabadiliko ya namna hii kwa miaka mingi.

Lawama inayorushwa mara kwa mara ni kwamba huduma ya bure huwanyang'anya riziki mafundi wa kulipwa. Taasisi ya Repair Café hujibu kwamba wanaofika ni watu ambao wangetupa kifaa, kwa kuwa kumlipa fundi kungewagharimu karibu sawa na kununua kipya, na kwamba wageni huelekezwa kwa mafundi hao kazi inapozidi uwezo wa warsha. Jibu hilo linatosha mahali ambapo ufundi ni ghali na mafundi wamebaki wachache. Halitoshi mahali ambapo fundi wa mtaa anaishi kwa pasi na feni hizohizo. Huko ningependa kikundi kimwite fundi huyo awe mwalimu wa kulipwa, gharama yake itokane na michango, kuliko kumfungulia mshindani wa bure mlango wa pili.

Warsha hudorora namna mbili. Ya kwanza ni pale wageni wanapozidi na waandaaji, kwa nia njema, wakaanza kupokea vifaa mlangoni na kuwaambia wenyewe warudi jioni. Foleni hupungua siku hiyo, lakini mgeni huondoka asijue kilichotengenezwa, na mwezi unaofuata hurudi na kifaa kingine chenye ubovu uleule. Fundi naye hugeuka kibarua asiye na mshahara, na watu wa namna hiyo hawachukui muda mrefu kuacha. Ya pili ni pale meza nzima inapomtegemea mtu mmoja, aghalabu mstaafu mwenye ujuzi wa miaka mingi, bila kijana yeyote kuketi kando yake kujifunza. Akiugua, meza ya umeme hufungwa. Kabla sijaipendekeza warsha yoyote kwa mtu, hutazama kwanza nani amekaa upande wa fundi, na kama yupo anayejifunza.

Kwa ujumla naipendekeza kwa vifaa vidogo vya umeme, nguo, mikoba, baiskeli na samani nyepesi, na kwa mtu aliye tayari kukaa saa moja au mbili. Asiye na muda huo, au anayekihitaji kifaa kwa kazi yake ya kila siku, ampelekee fundi wa kulipwa, atakayempa dhamana. Kifaa kipelekwe kikiwa safi, pamoja na waya wake, chaja yake na kila kipande kilichodondoka, hata kile kinachoonekana hakina kazi. Namba ya modeli, ambayo kwa kawaida huandikwa chini au nyuma, iandikwe mapema ili fundi aweze kutafuta mchoro na kipuri. Ni vyema pia kufika mapema, kwa kuwa warsha nyingi huacha kuandikisha muda fulani kabla ya kufunga. Oveni ya maikrowevu ibaki nyumbani: kapasita yake hushikilia umeme wa kuua hata baada ya plagi kuchomolewa, na mafundi wengi wa kujitolea huikataa, wakiwa na haki kabisa.