Kapi na kamba za kunyanyulia mashine ya boti: kipi ununue kwanza

Ukitaka kununua kapi la kunyanyulia mashine ya boti, anza na pale utakapolitundika. Kapi moja lililofungwa juu halipunguzi uzito hata kidogo. Linageuza tu upande wa kuvuta. Mashine ya kilo 60 utaivuta kwa nguvu ya kilo 60 na ushee, na boriti itaelemewa na vyote viwili, mzigo pamoja na mvuto wako: zaidi ya kilo 120. Wengi huipima boriti kwa uzito wa mashine peke yake.

Ndiyo maana namba moja naipa jozi ya makapi yenye magurudumu mawili-mawili. Hapo mzigo unabebwa na mikondo minne ya kamba, yaani kamba inapita mara nne kati ya kapi la juu na la chini. Kwa hesabu tupu ungevuta kilo 15, ila kila gurudumu lina msuguano wake, kwa hiyo tarajia karibu 20. Mtu mmoja anaimudu, na boriti inabeba kama kilo 80 tu.

Namba mbili ni chenibloki, kifaa cha kunyanyulia kwa kuvuta cheni. Kwa usalama peke yake ingeongoza, maana ina breki: ukiachia cheni, mzigo unabaki ulipo. Lakini ni nzito kuhamisha na maji ya chumvi huishambulia kwa kutu. Mwenye karakana na boriti ya kudumu anunue hii, aachane na habari za kamba.

Tatu, jozi ya magurudumu matatu-matatu. Inafaa mzigo mkubwa kweli. Mzigo mdogo unaweza hata kugoma kushuka kwa wingi wa msuguano. Kapi moja linabaki la mwisho, la betri na nanga ndogo.

Zile seti zinazouzwa na kamba nyembamba tayari, ziache. Hata kama kamba haikatiki, itakukata viganja. Chukua poliesta ya milimita 12, inashikika vizuri na hainyumbuki sana. Nailoni ni imara, ila hunyumbuka: mashine itadundadunda wakati unailenga kwenye ubao wa nyuma wa boti, na ikilowa hupungua nguvu. Polipropilini ni ya bei rahisi na huelea, lakini jua huila na msuguano huiyeyusha. Kamba iliyosukwa jicho (kitanzi) mwishoni ni bora kuliko ya kufunga fundo, kwa sababu fundo linaweza kula karibu nusu ya nguvu yake.

Kipenyo cha gurudumu kiwe walau mara 8 ya unene wa kamba. Kwa milimita 12 ni kama sentimita 10. Litikise kwa kidole. Likicheza pembeni, kamba itajipenyeza kati ya gurudumu na shavu (ubavu) la kapi na kukwama mzigo ukiwa hewani. Ndoano iwe na kifungio. Soma pia maandishi: kama kilichoandikwa ni uzito wa kukatika, gawa kwa 5 au zaidi ndipo upate uzito wa kazi. Kapi lisiloandikwa kitu, lirudishe kwenye rafu.

Kuhusu urefu, ukiinua mita 3 kwa mikondo minne unahitaji mita 12, na juu yake ile inayoteremka hadi mikononi na ya kuzungusha kwenye kishikizo. Nunua mita 20.