Diski za filamu zenye maelezo ya sauti: uanze na sauti ya nani?

Filamu moja inaweza kuwa na matoleo manne au matano sokoni, picha zikikaribiana kabisa kwa ubora. Kwa anayetaka kujua filamu ilivyotengenezwa, kinachoyatenga ni ile sauti ya pili unayoichagua kwenye menyu: mtu anazungumza juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho huku picha zikienda. Kasha litajisifu kwamba ndani mna maelezo matatu. Usibabaike. Soma kwanza majina ya wanaozungumza, kisha angalia wamekaa na nani.

Nafasi ya kwanza nawapa wawili waliofanya kazi pamoja na wasioogopana. Mfano bora ni The Limey ya mwaka 1999: mwongozaji Steven Soderbergh amekaa na mwandishi wake, Lem Dobbs, na Dobbs anamlalamikia waziwazi kwa alivyoikatakata hadithi. Unajifunza kilichokuwa kwenye karatasi, kilichoachwa na kwa nini, kwa sababu kila mmoja analazimika kujitetea. Si lazima wagombane. Mwongozaji John Carpenter na mwigizaji Kurt Russell kwenye The Thing ni marafiki wanaocheka tangu mwanzo, lakini mmoja anamkumbusha mwenzake, na habari zinatoka ambazo mtu peke yake asingezitoa.

Wa pili ni mwanahistoria au mhakiki aliyejiandaa, na kwa filamu ya zamani huyu anapanda hadi wa kwanza. Ndiye aliyeianzisha fani yenyewe. Mwaka 1984 kampuni ya Criterion ilitoa King Kong ya mwaka 1933 kwenye LaserDisc, ile diski kubwa kama sahani ya santuri, na kwa kuwa ilikuwa na nafasi ya sauti zaidi ya moja, mwanahistoria wa filamu Ronald Haver aliwekwa aisimulie filamu kwenye nafasi iliyobaki. Mtu wa aina hii huja na karatasi zake, kwa hiyo hakuna kimya kirefu. Maelezo ya mhakiki Roger Ebert kwenye DVD ya Citizen Kane ya mwaka 2001 ndiyo ningempa mtu ambaye hajawahi kusikiliza maelezo hata mara moja: anakuonyesha dari, vivuli na hila za kamera wakati ule ule unapoziona. Kasoro ya kundi hili ni wale wanaosoma maandishi yao kwa sauti moja, wasitazame kabisa kinachopita kwenye kioo.

Baada yao naweka mafundi: wabunifu wa mandhari, wahariri, watu wa sauti. Toleo refu la The Fellowship of the Ring, lililotoka mwaka 2002, lina maelezo manne: mwongozaji na waandishi, wabunifu, watayarishaji na wahariri, kisha waigizaji. Sauti nyingi zimerekodiwa mbalimbali na kuunganishwa, hivyo mazungumzo hayana joto sana, ila habari zimejaa. Ukikosa muda, chukua ya wabunifu.

Mwongozaji peke yake ni bahati nasibu. Wapo wanaomimina kila kitu, na wapo wanaonyamaza dakika nzima kisha wanasema tu kwamba siku hiyo kulikuwa na baridi. Waigizaji peke yao naweka mwisho, isipokuwa unataka kucheka. Hata anapokaa na mwongozaji Paul Verhoeven kwenye Total Recall, mwigizaji Arnold Schwarzenegger anakusimulia mara kwa mara kile unachokiona mwenyewe. Inachekesha, lakini nisingelipia bei ya toleo jipya kwa ajili hiyo.

Usidhani kwamba toleo jipya lina vyote vya zamani. Haki za maelezo mara nyingi hubaki kwa kampuni iliyoyarekodi, kwa hiyo diski ya 4K, aina mpya yenye picha kali zaidi, inaweza kuwa na picha nzuri kuliko zote na isiwe na maelezo yaliyomo kwenye DVD ya miaka 20 iliyopita. Mengine hupotea kwa ugomvi: mwaka 1991 diski za Criterion za filamu tatu za kwanza za James Bond ziliondolewa sokoni kwa sababu ya yaliyosemwa kwenye maelezo. Kwa hiyo DVD iliyotumika, ya bei ya chini, inaweza kuwa ununuzi bora. Filamu ya kupakua au kutazama mtandaoni ndiyo ya mwisho kabisa, kwani kwa kawaida maelezo hayamo.

Kabla ya kulipa, geuza kasha usome orodha ya sauti. Kwenye seti yenye 4K na Blu-ray, ile diski iliyokuja baada ya DVD na kabla ya 4K, angalia maelezo yako diski ipi, maana wakati mwingine yamewekwa kwenye Blu-ray tu. Angalia pia kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa: DVD hugawanywa kanda 1 hadi 6, Blu-ray A, B na C, na deki isiyolingana itaikataa diski. 4K haina kizuizi hicho, lakini Blu-ray iliyo nayo kasha moja inaweza kuwa nacho. Na kama Kiingereza cha haraka kinakusumbua, tafuta toleo lenye maandishi ya chini ya maelezo yenyewe. Ni machache, na maandishi ya filamu hayatakusaidia hapo.