Kadi ya kuzuia damu kuganda: uzoefu wangu baada ya mama kubadilishwa nyonga Kisumu

Ukiwa na mzazi anayesubiri kubadilishwa nyonga au goti, uliza mapema hospitali itafanya nini kuzuia damu isigande baada ya upasuaji. Damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu, donge linaweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu, na mtu aliyekuwa akiendelea vizuri akafariki ghafla. Mama yangu alihudumiwa katika hospitali moja ya kibinafsi mjini Kisumu, na upande huu wa kazi yao naupa alama nne kati ya tano.

Wodini hawakuacha jambo lipite. Kabla ya upasuaji nesi alimuuliza mama kuhusu uzito wake, vidonda vya tumbo, dawa anazotumia, na kama aliwahi kupata donge la damu mguuni. Kisha kadi ya kufuatilia dawa yake ikawekwa kwenye kitanda. Kila alipodungwa sindano ya enoxaparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 40, aliyemdunga aliandika saa na kutia sahihi. Nafasi ikibaki tupu, anayeingia zamu anauliza kwa nini. Naamini hapo ndipo hospitali nyingi hukwama: mwongozo wanao, ila hakuna anayeulizwa dozi ikirukwa.

Nesi alinifundisha pia kudunga. Unabana nyama ya tumbo kwa vidole viwili, mbali na kitovu, unaingiza sindano wima. Kile kipovu cha hewa ndani ya bomba hukitoi. Ukimaliza husugui, maana damu itavilia chini ya ngozi. Na kesho yake tu mama alisimamishwa kwa fremu ya kutembelea, huku akilalamika. "Pole mama, lakini mguu ukilala, damu nayo inalala," sista akamwambia.

Alama niliyoipunguza ni ya famasi. Siku ya kuruhusiwa tulipewa rivaroxabani, dawa ya kumeza ya kuzuia damu kuganda, ya miligramu 10, kidonge kimoja kwa siku, ya wiki mbili basi. Huo ni muda wa mgonjwa wa goti! Kwa nyonga dawa hii hutumiwa siku 35, na kwenye kadi daktari alikuwa ameandika hivyo hivyo. Nilirudi dirishani na kadi mkononi, mfamasia akapiga simu wodini, akaongeza vidonge. Je, wale wasiojua kusoma kadi?

Bei nayo iliuma, na ningependa daktari angetueleza mapema kama kuna njia nafuu. Mwongozo wa Uingereza wa 2018, kwa mfano, unaruhusu mgonjwa wa nyonga adungwe sindano kwa siku 10, kisha atumie aspirini ya kipimo kidogo kwa siku 28. Si kila mgonjwa inamfaa, lakini familia ina haki ya kuuliza.

Safari ya kurudi Bumala tulikodi gari, tukasimama Luanda na tena Ugunja ili mama asimame na anyooshe miguu.

Kilichonigusa zaidi ni simu. Sista alipiga tukiwa nyumbani na kuuliza: mama amekunywa dawa? Shavu la mguu limevimba, lina joto au linauma? Anapumua vizuri, kifua hakichomi? Katika mazungumzo hayo ndipo ilipojulikana kwamba jirani, kwa nia njema kabisa, alikuwa amemletea mama diklofenaki ya maumivu. Sista akamwambia aiache mara moja, kwa sababu ikichanganywa na dawa ya kuzuia damu kuganda inaongeza hatari ya kuvuja damu tumboni. Akamruhusu paracetamoli.

Ningewaomba wabadilishe jambo moja: tarehe ya kumaliza dawa iandikwe kwa herufi kubwa kwenye pakiti yenyewe, kwa Kiswahili. Kwa sasa, piga picha ya kadi kabla ya kutoka wodini na uhesabu vidonge palepale famasi.