Miezi minane na amplifaya ya valvu, Shangani Mtwara

Mimi ni mtu wa redio ya ridhaa: huzungumza na wenzangu wa mbali kwa mawimbi ya redio, kwa kupenda tu. Kabla ya mashine hii ya kuongeza nguvu ya kurusha nilikuwa nasikika, lakini kwa taabu. Redio yangu ya wati 100 na waya niliotundika kati ya mnazi na nguzo ya bomba vilinifikisha Ulaya jioni kwenye mawimbi ya mita 40, ila kila mazungumzo yalikuwa "rudia, rudia". Nilipopata habari kwamba kuna mtu Dar anauza amplifaya ya Kimarekani yenye valvu 3 (taa za kioo za kukuzia mawimbi) za aina ya 811A, usingizi ulikata. Nikalipa milioni 2 na laki 4, ikapakiwa kwenye basi, nikaipokea stendi ikiwa imeviringishwa kwenye godoro la mtoto. Ina kilo kama 15, na nyingi kati ya hizo ni transfoma.

Muuzaji hakuniambia kwamba ilikuwa imefungwa kwa volti 120. Mwenyewe alikuwa akiitumia na transfoma ya kushushia umeme, akabaki nayo. Aliyeninusuru ni mazoea yangu ya kufungua kifuniko cha chombo chochote kilichotumika kabla ya kukichomeka. Kwenye transfoma kuna vituo vya kuhamishia waya, na kitabu chake kina mchoro. Nikahamishia kwenye volti 230 na kubadilisha fyuzi pia, kwa sababu kazi inayovuta ampea 10 kwenye 120 huvuta takribani 5 kwenye 230. Ukiacha fyuzi ya zamani, siku ya hitilafu haitakatika kwa wakati.

Hapa naomba nisikilizwe. Ndani mle mna zaidi ya volti 1,500, na kapasita, vile vihifadhi umeme, hubaki na chaji hata baada ya kuzima. Mimi huchomoa plagi, nasubiri, kisha nagusisha anodi (sehemu ya valvu inayobeba volti hizo) na bodi ya chuma kwa waya uliofungwa kwenye kijiti kikavu, mkono mwingine ukiwa nyuma ya mgongo. Anayetaka kujifunza umeme asianzie hapa.

Kuitumia si kazi ngumu. Nyuzi za 811A huwaka mara moja, tofauti na valvu kubwa za kauri ambazo hudai dakika kadhaa za kupasha. Naanza na nguvu ndogo kutoka kwenye redio, nazungusha kitufe cha kapasita ya anodi mpaka mshale wa wati ufike juu kabisa, kisha cha mzigo, yaani cha upande wa antena, narudi cha kwanza, naongeza nguvu kidogo, narudia. Jicho halibanduki kwenye mkondo wa gridi (umeme unaopita kwenye wavu wa ndani ya valvu): ukizidi, mzigo ni mwepesi mno au unaisukuma kupita kiasi. Wakati wa kurekebisha hivi sirushi kwa zaidi ya sekunde 10 bila kuipumzisha. Anodi ikianza kuwa nyekundu, acha papo hapo. Kwa wati 60 hivi za kuingizia napata kama 500 kwenye vilele vya sauti.

Sasa, wati 500 dhidi ya 100 ni nini hasa? Ni desibeli 7, kipimo cha kulinganisha nguvu. Alama moja ya S, yaani hatua moja kwenye mita ya mpokeaji inayoonyesha nguvu ya mawimbi yanayomfikia, ni desibeli 6. Yaani pesa zote zile zimenipandisha alama moja na kidogo. Kwa aliyekuwa ananisikia vizuri, hakuna tofauti ya maana. Kwa aliyekuwa ananipoteza kwenye makelele, tofauti ni kunielewa au kutonielewa, na huyo ndiye niliyekuwa nikimtaka. Lakini haikusaidii kusikia. Msimu wa mvua, radi zikirindima upande wa Msumbiji, mimi ndiye nisiyewasikia wao, na hapo amplifaya haina dawa. Radi ikikaribia nachomoa antena kabisa.

Kilichonifundisha zaidi ni usiku mmoja wa Januari. Joto na unyevu wa bahari, niko katikati ya maongezi na kituo cha Italia, nikasikia "ta!" ndani ya mashine, ikafuata harufu kali kama ya radi iliyopiga karibu. Asubuhi nikapanda kwenye mnazi na kufungua kiungio cha kebo. Ile soksi ya shaba, wavu wa nyuzi ulio chini ya ganda la kebo, ilikuwa imegeuka kijani, na nilipoigusa kwa ukucha ikapukutika kama unga. Chumvi ya Shangani ilikuwa imeila kimyakimya. Zamani redio ingejipunguza yenyewe ikiona antena imeharibika. Ukishaweka amplifaya katikati, redio haiioni tena antena, inaiona amplifaya tu, na hii yangu haina kinga ya namna hiyo. Kapasita ya anodi ilibaki na doa jeusi kwenye bapa moja, nikalisugua kwa msasa laini. Kiungio kipya nimekizungushia tepu, juu yake mpira wa tyubu ya baiskeli, na hukikagua kila mwisho wa mwezi.

Umeme pia una tabia yake. Kati ya saa 1 na saa 3 usiku volti hushuka nyumbani kwangu, na wati hushuka nazo. Stebilaiza ya friji haikunifaa: mzigo hupanda na kushuka kwa kila neno, nayo hubaki inagonga relei tu. Siku hizi naita vituo vya Ulaya baada ya saa 4.

Na majirani wapo. Wiki ya kwanza bibi wa nyumba ya pili alikuja mlangoni: "Mwanangu, unasema nini na nani ndani ya sabufa yangu?" Nilikwenda kwake na pete 2 za ferito, za kuzuia mawimbi ya redio yasipite kwenye waya, nikazungushia waya za spika, sauti yangu ikatoweka. Nimemwachia namba yangu ya simu.

Nikipimia: mashine nzuri, imara, na valvu hubadilishwa kwa mkono bila kuchomelea. Soma kwanza kiwango cha nguvu kwenye leseni yako ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Na kama antena yako bado ni waya ulioning'inia chini kama wangu wa awali, peleka laki 3 za kwanza kwenye mlingoti na kebo nzuri. Mimi nilifanya hivyo mwezi Machi, na jioni nyingi sasa naiacha amplifaya imezimwa.